Mwongozo kamili: begi la kiunoni kwenye msako, namna ya kulivaa na kulipanga mpaka usilisikie

Kila muhogo unapoanza kukomaa na nguruwe wakaanza kushuka mashambani huku kwetu Unguja na Pemba, maswali yanakuja yale yale. Begi linashuka matakoni. Kiuno kinauma. Chupa inagonga gonga mpaka mbwa wanageuka kuangalia nani anapita. Wengine wameshakata tamaa wamerudia begi la skuli la mgongoni, halafu wanaingia nalo maweni, kule kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe na vichaka, wanainama kupita chini ya mimea iliyofungamana, mwenyewe anapita na begi linabakia limenasa juu, na wenzake wako mbele hawamuoni tena.

Karibu wote wanaoshindwa wanakosea pahala pamoja. Wanalivaa kiunoni kweli kweli, pale penye nyama laini, na mzigo wake unatakiwa ukalie mfupa wa nyonga. La pili, wanajaza mno. Ukivipata hivyo viwili vyengine vyote ni kurekebisha tu.

Na ninaposema begi la kiunoni sizungumzii kile kipochi cha pesa wanachovaa makonda. Nazungumzia lile kubwa kidogo, lita 8 mpaka 15 hivi, linalokaa nyuma chini ya mgongo, lenye mkanda mpana wa sponji na mfuko wa chupa kila upande. Wamarekani wanayatumia sana kwenye kusaka kulungu, maana mtu anakaa amejificha masaa na masaa, anataka vitu vyake viwe karibu na mikono iwe huru kwa bunduki au upinde. Mnyama mwenyewe haingii humo, wanamburuta kwa kamba au wanarudi kumchukua na begi kubwa. Sisi huku kulungu huyo hatuna, msako wetu ni wa nguruwe, na mbwa na nyavu na mikuki na mbio, kwa hiyo kulifunga ni vile vile lakini kulipanga kuna tofauti zake na ndio nitakazozikazania.

Mambo mawili kabla hujatoa pesa

La kwanza ni rangi. Mabegi mengi ya namna hii yanayokuja kwenye mitumba yametengenezwa kwa wasasi wa kizungu, na yana yale madoadoa ya kijeshi. Usinunue, hata ukiuziwa bei ya bure. Huku kwetu raia haruhusiwi kuvaa vitu vinavyofanana na sare za jeshi, na hutakuwa na muda wa kumueleza mtu njiani kuwa hili ni begi tu la kwendea shamba. Chukua la kahawia, kijani kibichi kisicho na madoa, au jeusi.

La pili ni ruhusa. Kusaka kunataka kibali na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yenu, lazima ajue mnaingia wapi na wangapi. Ndani ya misitu ya hifadhi ya Jozani na Ngezi hakuna habari ya kusaka, na paa nunga na kima punju wanalindwa, wakitokea mbele yenu zuieni mbwa. Picha ya kibali iwe kwenye simu, na nakala ya karatasi iwe kwenye begi, nitasema iwekwe wapi.

Vitu vya kuwa navyo

- Begi lenyewe, lita 8 mpaka 15
- Chupa mbili za maji zinazolingana, robo tatu ya lita kila moja. Ukienda siku nzima ziwe za lita moja moja
- Tochi ya kichwa, hata kama mnatoka asubuhi
- Bandeji mbili za kuvuta, plasta, pamba, pakiti mbili za ORS (ule unga wa kuchanganya na maji wa kurudisha maji na chumvi mwilini)
- Kisu kidogo chenye ala ngumu
- Kamba ya nailoni, mita tano hivi
- Kopo la plastiki la mdomo mpana lenye kifuniko cha kuzungusha, kwa ajili ya simu, kiberiti na karatasi. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku na hata ingekuwepo inatoboka kwa mwiba wa kwanza
- Tende, na kipande cha boflo (mkate) au muhogo wa kuchemsha
- Tyubu kuukuu ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote atakupa bure
- Kitambaa cha zamani, kanga iliyochakaa inafaa kuliko vyote

Ukipima vyote na maji yake ndani isizidi kilo nne. Tano ni mwisho kabisa. Begi la kiunoni halina fremu na halina mgongo wa kusaidia, kila unachozidisha kinalivuta nyuma na chini na wewe unaanza kutembea umepinda kama mjamzito.

Panga haimo kwenye orodha kwa makusudi. Panga inakaa mkononi au kwenye ala yake ubavuni, haiingii begini hata siku moja.

Hatua ya 1: Lijaribu na uzito ndani

Ukienda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe, au ukiwa Pemba pale Chake au Wete, kila begi ukilivaa likiwa tupu litakupendeza. Nunua kwanza chupa mbili kubwa za maji, zitie ndani, livae, tembea mpaka mwisho wa mtaa urudi. Muuzaji akikataa muachie begi lake.

Angalia mkanda. Uwe na upana wa vidole vinne pale unapopita juu ya nyonga, mwembamba utakukata. Bonyeza sponji kwa dole gumba, ukiachia na shimo likabaki basi imeshakufa. Klipu ya mbele ifunge na uifungue mara nyingi mpaka muuzaji achoke, ikiteleza hata mara moja hiyo ni plastiki iliyopigwa na jua. Kisha geuza uangalie mishono pale mkanda unapoungana na mfuko, hapo ndipo yanapofia mabegi yote, na hapo ndipo fundi cherehani anaweza kukuongezea mshono kwa pesa kidogo sana kabla mambo hayajaharibika.

Kitu kimoja watu hawakijui: ile mikanda midogo ya ubavuni inayovuta mfuko uje karibu na mwili. Begi lisilokuwa nayo litacheza tu hata ulifunge vipi. Kama halina, tafuta jengine.

Utajua limefaa ukiruka ruka na chupa ndani na likarudi chini pamoja na wewe, lisibaki nyuma halafu likakupiga.

Hatua ya 2: Tafuta mfupa, kisha funga

Simama uweke mikono kiunoni kama mtu anaegomba. Sasa bonyeza ushuke taratibu mpaka vidole viguse mfupa mgumu ubavuni. Ukingo wa juu wa mfupa huo ndio kiti cha begi. Katikati ya upana wa mkanda pawe juu ya ukingo huo, yaani nusu ya mkanda juu, nusu chini.

Kabla ya kufunga toa mkanda wa suruali kama una chuma kikubwa, chuma na sponji vikikaa pamoja utapata kidonda kabla ya saa sita. Shati litie ndani na ulinyooshe, mkunjo mmoja tu nyuma unatosha kukuchubua.

Halafu fuata mpangilio huu. Legeza mikanda yote. Livae juu kidogo kuliko unapotaka likae. Funga klipu mbele, chini ya kitovu, vuta mpaka ushike. Sasa liache lishuke lenyewe likae kwenye mfupa, halafu vuta tena kidogo. Mwisho kabisa ndio unavuta mikanda ya ubavuni, na ivute pande zote mbili kwa wakati mmoja, ukivuta mmoja kwanza begi linakaa upande.

Wengi wanaanza na mikanda ya ubavuni. Ukianza nayo, mkanda mkubwa hauwezi kukaza sawasawa tena, na ndio lile begi linaloshuka kila baada ya hatua mia.

Imekaa vizuri ikiwa unapumua mpaka mwisho bila kubanwa, kiganja hakipiti kati ya begi na mgongo, na ukinama kufunga kamba ya kiatu begi halikupandi mgongoni.

Tahadhari: paja likianza kufa ganzi upande wa nje, au ukahisi kama sindano sindano, mkanda umebana mno au umeshuka chini ya mfupa. Legeza hapo hapo, usisubiri mpaka mapumziko.

Hatua ya 3: Panga ndani

Hapa ndipo kwenye kazi, na hapa ndipo watu wanapoharakisha.

Kwanza kitambaa. Kikunje ukitandaze upande ule unaogusa mgongo wako, kabla hujatia kitu chochote. Sababu mbili. Kinazuia vitu vigumu visikuchome, na ukianguka chali juu ya mawe ya maweni, ambayo kila mtu aliyewahi kuyapita anayajua makali yake, hutaki kopo wala tochi iwe baina ya jiwe na uti wa mgongo.

Vizito vinafuata, chini na karibu na mgongo: kamba, na chakula. Kila kizito kinavyokaa mbali na mgongo ndivyo begi linavyokuvuta nyuma. Vyepesi, kama bandeji na pamba, vinakaa nje, upande ulio mbali na wewe, na hilo linakuja sawa kabisa maana bandeji ndio kitu utakachokitaka kwa haraka kuliko vyote. Iwe ya juu kabisa, au kwenye kimfuko cha nje peke yake, na wenzako wote waonyeshwe ipo wapi. Ukiumia wewe sio wewe utakaeifungua.

Kopo la simu na karatasi ya kibali likae katikati limezungukwa na vitu laini. Tochi juu, karibu na zipu. Kisu kiwe ndani ya ala yake ngumu, ubavuni kwa ndani, kimelala kwa upana wa begi, ncha isielekee kwako.

Maji yagawanye sawa kulia na kushoto. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ukitia chupa moja tu upande mmoja umeshalipindisha begi kabla hujatoka nyumbani. Na usijidanganye kuwa utayapata huko mbele, maweni hakuna kijito wala dimbwi la kutegemea, mvua yote inazama ndani ya jiwe. Unachobeba ndicho utakachokunywa.

Ukimaliza kufunga zipu lishike begi kwa mkanda ulining'inize. Likining'inia sawa bila kuinama upande umepanga vizuri. Litikise. Kitu kikitembea ndani, fungua ukijaze pengo kwa kitambaa.

Hatua ya 4: Linyamazishe

Kuna wanaosema msako wa mbwa una kelele zake, ya nini kunyamazisha begi. Hao hawajawahi kukaa kwenye nyavu. Mtu wa nyavu anakaa kimya nyuma ya kichaka anasubiri mnyama asukumwe aje kwake, na chuma kimoja kikigonga, nguruwe anageuza njia na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Ile tyubu ya baiskeli ikate vipande vyembamba vya mduara, upana wa kidole. Kila ncha ya mkanda inayoning'inia ikunje uifunge kwa kipande kimoja. Hizo ncha ndizo zinazopiga piga na ndizo zinazonasa kwenye miba. Vyuma vidogo vya kuvutia zipu vitoe, weka kikamba kilichofungwa fundo. Funguo za vespa zifunge ndani ya kitambaa, sio mfukoni.

Chupa nazo zina siri. Chupa ikijaa haifanyi kelele, ikiwa nusu inapiga chwa, chwa kila hatua. Kama ni ya plastiki laini, kila ukinywa ibane itoe hewa halafu ndio ufunge kifuniko.

Weka sikio. Vaa begi, tembea ndani ya chumba usiku watu wamelala, na pale utakaposikia kitu ndipo pa kutia mpira.

Hatua ya 5: Mikanda ya mabega

Begi lako likija nayo, itumie pale tu mzigo unapofika kilo nne na kuendelea. Kazi yake ni kulizuia begi lisianguke nyuma, haibebi. Ukiona mabega yanauma ujue umeikaza mno na nyonga haifanyi kazi yake. Kwenye vichaka vya kufungamana itoe kabisa, ni kitu cha kunasa tu.

Hatua ya 6: Jaribio la nyumbani

Livae na mzigo wake kamili ufanye haya kabla ya siku yenyewe. Panda na ushuke baraza ya nyumba. Chuchumaa uinuke bila kushika kitu. Tambaa chini ya kamba ya kuanikia nguo uliyoifunga usawa wa goti. Kimbia mpaka msikitini na urudi, watu watakucheka, wacha wacheke.

Halafu lile la muhimu zaidi: legeza mkanda kidogo, lizungushe begi lije mbele tumboni, toa tochi, washa, rudisha, zungusha nyuma, kaza. Fanya mchana ukiangalia, kisha umefumba macho. Hii kuzungusha ndio faida kubwa ya begi hili kuliko la mgongoni, huvui kitu wala huweki kitu chini, na chini huko kuna siafu, kuna upupu, ukiliweka juu ya upupu halafu ukalivaa utajikuna mpaka magharibi.

Unaweza kutoa tochi gizani bila kumwaga kitu chengine? Basi uko tayari. Kama bandeji inatoka nayo kila mara, rudi hatua ya tatu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwenye vespa au daladala lizungushe mbele. Ukilikalia, klipu inavunjika, na hakuna klipu ya kununua msituni.

Baada ya robo saa ya kwanza ya kutembea simama ulikaze tena. Sponji inakuwa imeshashika joto la mwili na kulala, mkanda lazima utalegea, usidhani umekosea.

Kunywa kwa zamu, chupa ya kulia halafu ya kushoto, mizani ikae sawa. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijaja, hasa kaskazi, jua la saa sita maweni halina mchezo. Jasho likikutoka sana ORS moja itie kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usiibwie kavu.

Mbwa wakishaanza kubweka usiguse begi tena. Kama kuna kitu utakihitaji kwenye mikono, kama kamba, kitoe kabla.

Na akitokea mtu kuumwa na nyoka: bandeji hizo ni za kutuliza kiungo kisitikisike pamoja na kijiti, sio za kukaba damu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa, abebwe asitembezwe, aende hospitali iliyo karibu. Na pahala penye mtandao pajulikane tangu asubuhi.

Hatua ya 8: Mkirudi

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, halafu wanalalamika begi limeoza.

Toa vitu vyote siku hiyo hiyo. Makombo ya boflo yanaleta chungu na panya, na panya akishaonja tende ndani ya begi atarudi na meno yake. Jasho lina chumvi, chumvi inakula zipu na inakausha sponji, kwa hiyo suuza mkanda kwa maji baridi na sabuni kidogo, anika kivulini zipu ikiwa wazi. Jua kali linaua plastiki ya klipu. Zipu ikiwa nzito ipitishie mshumaa.

Halafu kuna suala la twahara. Mbwa mwenye maji maji akilisugua begi, au likiguswa na damu ya nguruwe, kwa sisi wa madhehebu ya Shafii linaoshwa mara saba, moja yake kwa maji yenye udongo. Damu itoke yenyewe kwanza ndio uanze kuhesabu. Kwa hiyo nguo ya kusalia, kofia na msala usivitie kabisa kwenye begi hili, viache kijijini kwa mtu au kwenye gari, na utaepuka mjadala mrefu adhuhuri watu wamepanga safu. Ndio maana pia nasema nunua begi la kitambaa cha nailoni, linaoshwa saba na linakauka siku ile ile, lile la turubai nene litabaki na unyevu siku tatu na kunuka juu yake.

Matatizo yanayorudi rudi

*Linashuka hata nikilifunga vizuri.* Angalia uzito kwanza. Kama ni chini ya kilo nne, basi suruali yako ndio inateleza, hasa zile za kitambaa cha michezo. Vaa suruali ya pamba nene. Watu wembamba sana wasiokuwa na nyonga ya kushikia, nyinyi mikanda ya mabega ni lazima, msipigane nayo.

*Mgongo unauma chini kabisa.* Kuna kitu kigumu kinakuchoma au vizito vimekaa nje. Mara nyingi ni kopo la simu.

*Linacheza kulia na kushoto nikikimbia.* Mikanda ya ubavuni. Au begi ni kubwa kuliko vitu vilivyomo, bana mpaka liwe bapa.

*Tumbo linabanwa nikikaa kwenye nyavu.* Ukishakaa fungua klipu kabisa, liache begi nyuma yako kama mto. Lakini ncha moja ya mkanda ipitishe chini ya paja, ukiinuka ghafla uinuke nalo.

*Klipu imevunjika msituni.* Pitisha kamba ya nailoni kwenye matundu mawili ya mkanda palipokuwa na klipu, zungusha mara mbili, vuta, funga fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvuta ncha moja. Fundo liwe ubavuni, sio katikati ya tumbo, maana ukitambaa kifudifudi ndilo litakalokuchoma.